Mwaka wa Kamba za Mgomba

Niliondoka Murongo asubuhi moja ya Februari bila kumuaga mtu, kwa sababu lori la ndizi lilikuwa limesimama karibu na mahali nilipokuwa nanawa uso na dereva wake alikuwa anatafuta mtu wa kuzungumza naye ili asisinzie. Sikuwa na sababu nyingine. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimeacha shule kidato cha pili, na kwa miezi mitano nilikuwa nabeba magunia pale mpakani na kulala kwenye stoo ya mwenye duka. Nilishajua nani anauza chapati nzito na nani anauza za upepo, pikipiki ipi ina breki na ipi ina maombi tu, na maneno yote ya Kiganda ya kubembeleza bei. Mahali nikishapajua, miguu huanza kuniwasha. Dereva aliniuliza naenda wapi, nikamwambia nitashuka atakapochoka mazungumzo yangu. Alichoka Ihembe.

Mwezi uliopita nilishuka tena Ihembe, safari hii nikiwa na mvi na mkoba, nikasimama kwenye kaburi la Ta Leopodi. Alikufa akiwa na miaka themanini na mitatu, kwenye kiti chake, baada ya sahani nzuri ya ndizi na maharage, na waliokuwepo walisema alikuwa ametoka kulalamika kwamba maharage yamepungua chumvi. Sikulia. Nilisimama pale kifua mbele kama mtu aliyeshinda mashindano, kwa sababu nilikuwa mmoja wa wachache waliojua kwamba moyo ule ulitakiwa kusimama miaka mingi kabla, na tulivyouzuia. Kijana mmoja aliniuliza mimi ni nani kwa marehemu. Nikamwambia nilikuwa mpangaji wake asiyelipa.

Siku ile ya kwanza niliingia kwake kuomba maji. Alikuwa ameketi barazani, mzee mrefu aliyevaa koti la kazi la kaki lililopauka mabegani, miguu imevimba hadi amezikata soksi juu ili iingie. Nikasema shikamoo. Akaitika marahaba, halafu badala ya kuniuliza natoka wapi akaniuliza kama ninaona tatizo lolote kwenye mibuni iliyokuwa mbele yetu. Nikamwambia sijawahi kuuangalia mbuni kwa makini. Akacheka hadi akakosa pumzi, akaishika pumzi ile taratibu kama mtu anayeokota kitu sakafuni, na aliposhusha mabega akasema, "Basi wewe ndiye ninayekutafuta. Wanaojua kila kitu wamenichosha." Alikuwa bwana shamba kwa miaka thelathini, amestaafu miaka tisa, na sasa hakuweza kutembea kutoka barazani hadi kwenye mibuni yake mwenyewe. Kabla jua halijazama nilikuwa nimepewa jembe na godoro, na chumba cha kuhifadhia kahawa kimekuwa changu.

Chumba kile nakikumbuka kuliko nyumba nyingi nilizolala baadaye. Kilikuwa na dirisha dogo la ubao, harufu ya magunia na maganda makavu ya kahawa, na ukuta wa matete uliopakwa udongo upande mmoja tu, upande wangu. Ng'ambo ya ukuta huo ndiko walikolala Ta Leopodi na mkewe, Ma Angelina. Sikuwa na nia ya kusikiliza, lakini masikio yangu hayakuzaliwa na vifuniko. Ndivyo nilivyojua kwamba mlango mmoja wa moyo wa mzee haukuwa unafunga sawasawa, na damu ilikuwa inarudi ilikotoka. Daktari wa Mwanza alikuwa amesema apasuliwe Dar es Salaam na asifike Krismasi kabla ya kupasuliwa. Fedha za kiinua mgongo zilishageuka bati na ada za shule. Ma Angelina alisema watangaze kanisani, watu wachange. Ta Leopodi akamjibu kwa sauti ya chini ambayo ilipita kwenye matete bila shida: "Nilizunguka vijiji hivi miaka thelathini nikiwaambia watu wajitegemee. Leo nipite na bakuli? Niache nife na koti langu."

Ma Angelina hakubishana. Siku ya nne akaenda kwa Adela. Huyu Adela alikuwa mjane wa Kilutheri, jirani wa bonde la pili, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha kwaya. Walikaa jikoni wakimenya ndizi huku mimi nikichochea moto, na kwa kuwa mzee alikuwa amekataa shilingi, Adela alisema hawatatoa shilingi. Kila nyumba itatoa mbuni mmoja. Matunda ya mti huo mwaka huu ni ya Ta Leopodi, yatachumwa, yatakaushwa, yatauzwa, na mzee ataambiwa mambo yakiwa tayari. Mti wenyewe utafungwa kamba ya mgomba kwenye shina, ili mwenye shamba asijisahau na watoto wasidonoe. Ma Angelina aliuliza nani atazunguka. Adela akanigeukia. "Wewe huna ukoo hapa, huna ugomvi wa mpaka na mtu yeyote, na unapenda kuingia nyumba za watu," alisema. "Kazi ni yako."

Wiki tatu zilizofuata zilikuwa shule niliyoikosa. Asubuhi nilimwambia mzee nakwenda kutafuta vibarua, nikaondoka na kamba zangu begani. Niliingia nyumba za Wakatoliki zenye rozari kwenye msumari wa kalenda, na za Walutheri zenye vitabu vya nyimbo vilivyofunikwa gazeti. Nililishwa ndizi zilizopikwa kwa nyanya chungu, ndizi zilizopikwa kwa dagaa, ndizi zilizopikwa kwa ndizi. Kila nilipokaa nililetewa kahawa ya kutafuna, zile punje zilizochemshwa na majani yenye harufu na kukaushwa, kwenye kikapu kidogo chenye kifuniko. Sikukutana na mtu aliyekataa. Jambo lililonishangaza ni kwamba hawakuchagua. Nilitegemea mtu azunguke shamba akitafuta mti dhaifu wa kutoa, kama mimi ambavyo ningefanya. Badala yake kila mmoja alinipeleka moja kwa moja kwenye mti fulani, mara nyingi mti mnene wenye mashina matatu yaliyotoka kwenye kisiki kimoja, umejaa matunda mabichi hadi matawi yameinama, akaupiga kofi na kusema, huu ndio wake. Nilipouliza kwa nini huu, walicheka na kuniambia nifunge.

Nilimaliza Ihembe nikavuka hadi Kanoni, na huko nikaharibu. Nilikuwa nimeketi kwenye duka moja nikinywa soda, kamba zikiwa mapajani, wanaume watatu wakaniuliza nafungia nani. Nikawajibu, kwa majivuno ya mtu aliyetembea sana, "Ta Leopodi wa Ihembe. Na miti yake sasa haihesabiki." Waliangaliana. Mmoja akasema, "Bwana Shamba mwenyewe?" Nikasema, mwenyewe kabisa. Sikuelewa maana ya swali lile, wala kwa nini mwenye duka alinirudishia chenji bila tabasamu.

Sikuelewa kwa sababu sikuwa mtu wa kahawa. Kumbe katika vijiji vile kamba ya mgomba kwenye shina la mbuni ilikuwa alama ya zamani, na maana yake ilikuwa moja: butura. Mtu akiwa na shida, mtoto anaumwa au ada imefika, anamwuzia mchuuzi kahawa yake ikiwa bado maua au kijani, kwa bei ya kumtupia mbwa. Mchuuzi anafunga kamba, na kuanzia hapo mwenye shamba ni mlinzi tu wa mali ya mwingine. Adela aliichagua kamba ile kwa makusudi, kwa kuwa hakukuwa na alama nyingine iliyoheshimiwa kiasi hicho. Hata mwizi aliuruka mti uliofungwa. Ihembe wote waliambiwa siri. Kanoni walijua wenye nyumba nilizopita tu, na wale wa dukani niliwaambia kwa maneno yaleyale ambayo vijana wa wachuuzi huyatumia. Na katika maisha yake yote ya kazi hakuna kitu Ta Leopodi alichokipiga vita kama butura. Alikuwa ameikemea makanisani, kwenye mikutano, hata kwenye harusi ya mpwa wake.

Habari zilimfikia Jumapili. Wageni wawili wa Kanoni walitoka misani wakaingia sebuleni kumjulia hali, na kwa kuwa alikuwa amejilaza chumbani walidhani amelala. Mimi nilikuwa stoo. Wote wawili, yeye na mimi, tuliwasikia wakinong'ona kwamba kumbe hata Bwana Shamba shida imemshika, ananunua butura vijiji viwili akiwa kitandani, ana kijana wa Murongo anamzungukia. Mmoja alisema kwa huruma kabisa kwamba mgonjwa asihukumiwe. Nafikiri ile huruma ndiyo iliyomwinua. Nilisikia kitanda kikilia, kisha nikaona mlango umefunguliwa na Ta Leopodi akitoka na koti lake, kofia yake, na panga la kupogolea. Hakuniangalia. Alisema tu, "Twende ukanionyeshe."

Ni mwendo wa dakika kumi hadi kwa Adela. Tulitumia saa nzima. Alipumzika kwenye kila mgomba uliokubali kuegemewa, na mimi nyuma yake nikiwa na kiti, nikiogopa zaidi kunyamaza kwake kuliko pumzi yake. Watu walianza kutufuata, wakiwa bado na nguo za kanisani. Adela alituona tukishuka bonde, akaacha chungu chake, akaja kusimama mbele ya mbuni wenye kamba.

"Adela, toka nikate hiyo kamba."

"Sitoki, waitu, bwana wangu."

"Umemwuzia nani kwa jina langu?"

"Sijauza. Ulinilipa lini?" Alikuwa ameshika kiuno, na kichwa chake kilikuwa chini ya kifua cha mzee. "Huu nimekupa. Uangalie vizuri kabla hujauinulia panga. Huujui?"

Ta Leopodi aliuangalia. Mimi pia niliuangalia, na kwa mara ya kwanza nikaona kile nilichokuwa nimekifunga wiki tatu bila kukiona. Mashina matatu yalitoka kwenye kisiki cha zamani kilichokatwa usawa wa magoti. Adela akasema, sasa akiwaambia watu wote, kwamba mwaka aliofiwa na mume, Bwana Shamba alikuja na msumeno akamwambia mibuni yake imezeeka, ikatwe ichipue upya. Alilia na kumlaani. Akamwambia ameua urithi wa watoto wake. Mzee akakata mti mmoja kwa mikono yake akamwambia, huu nisamehe, mingine utaikata mwenyewe. Mwaka wa tatu mti ule ulizaa kuliko shamba zima. "Kila uliofungwa kamba ni mti uliotulazimisha kuukata," alisema. "Hata wa Kanoni. Hatukukaa kikao. Kila mtu alijua ni upi."

Nilimsogezea kiti, akaketi. Panga aliliweka magotini, akavua kofia, akajipangusa uso nayo kwa muda mrefu kuliko jasho lilivyohitaji. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ile ya kazini. Alisema atapokea, lakini asiwepo mtu wa kuchuma tunda la kijani kwa sababu ya huruma. Litachumwa jekundu. Litaanikwa juu ya vichanja, wala asione punje moja chini kwenye vumbi. Na kamba hizo asizikate mtu. Kila mti ukishavuliwa matunda yake yote, atakuja yeye kuikata. Mtu mmoja nyuma akauliza, je, asipokuja? Ta Leopodi akasema, "Basi zitaoza zenyewe, na wewe utakuwa unaziangalia kila siku." Watu walicheka, na nikajua tumeruhusiwa.

Kungoja ndiko kulikokuwa kugumu. Mwezi wa tano uvimbe ulipanda hadi magotini, akawa analala ameketi, mito mitatu mgongoni. Hapo ndipo alipokuja Kagaruki, mchuuzi mkubwa wa butura upande ule, mtu mnene mwenye viatu vinavyong'aa hata kwenye matope. Alikuja kwanza kujua nani anamharibia biashara, na alipoelezwa ukweli alikunywa uji wote aliopewa, kisha akatoa bahasha akaiweka mezani. Alisema atainunua miti yote iliyofungwa, leo, ikiwa kijani. Isingetosha matibabu, alikiri, ingefika nusu tu, lakini nusu leo inamfikisha mgonjwa Dar, na Agosti ni mbali. Ma Angelina aliiangalia ile bahasha kama mtu mwenye kiu. Usiku ule sikusikia ugomvi ng'ambo ya matete. Nilimsikia akimwomba tu, mara moja, bila kulia. Mzee akamwambia, "Angelina, nikipona kwa butura, nitakuwa nimemkosea kila mtu niliyemkatia mti. Nisubirie kidogo." Asubuhi Kagaruki aliporudi, mzee mwenyewe alimrudishia bahasha. Kagaruki akatikisa kichwa, akasema amewahi kukutana na wakaidi lakini huyu ni mfalme wao.

Mpaka leo sijui kama alikuwa sahihi. Nimelijadili jambo hili na watu wengi kwenye safari zangu, na wengi husema mtu mzima haweki msimamo mbele ya uhai. Ninachojua ni kwamba kuanzia siku ile hatukuwa tunamhurumia tena. Tulikuwa tunashindana na kalenda pamoja naye.

Matunda yalianza kuiva wiki ya pili ya Juni. Walikuja hata wasio na mbuni wa kutoa, familia za asili ya Burundi na Rwanda waliokuwa vibarua kwenye mashamba ya wengine. Hao walitoa siku za kuchuma, na hakuna waliochuma safi kama wao. Uwanja wa Ta Leopodi ulijaa vichanja hadi kuku wakakosa njia. Yeye alikaa katikati kwenye kiti chake, fimbo mkononi, akionyesha punje. Ile pale. Hapana, ile nyeusi. Toa. Akinamama walimtania kwamba moyo mbovu lakini macho ya tai, na mwenyewe alijibu kwamba mlango mmoja ukikataa kufunga, mtu huangalia mengine. Mimi nililala juu ya magunia, kisha kati ya magunia, na mwisho barazani, kwa kuwa stoo ilijaa hadi mlangoni. Sijawahi kufukuzwa chumbani kwa furaha kama ile.

Siku ya kupeleka kahawa mnadani hatukuwa na gari. Tulikuwa tunapanga baiskeli na pikipiki aliposimama Kagaruki na lori lake, akawaambia vijana wake wapakie. Ma Angelina alimwuliza atalipwa nini. Akasema, "Huyu mzee akifa nitagombana na nani?" Akapanda mbele na kufunga kioo. Kahawa ile ilipomwagwa mezani, mpimaji aliichota, akainusa, akaiacha ipite kati ya vidole, akauliza imetoka shamba la nani. Adela akasema la watu wengi. Ilipata bei ya juu kuliko zote za siku ile. Adela aliposikia jumla, alikaa chini palepale kwenye sakafu ya ghala, na gauni lake la kwaya, akapiga vigelegele ameketi. Ilitosha. Ilibaki hata ya nauli, na Ma Angelina akanunua shuka mpya, kwa sababu alisema mumewe hatapasuliwa kwenye shuka yenye kiraka.

Walikwenda Dar mwezi wa tisa wao wawili na mtoto wao mkubwa. Mimi nilibaki kulisha kuku na kupokea simu. Siku ya upasuaji zaidi ya watu hamsini walikaa uwanjani kwetu bila kualikwa, Wakatoliki na Walutheri wakipokezana nyimbo, na simu yangu ikiwa juu ya kichanja kitupu kama sakramenti. Ilipolia, sauti ya Ma Angelina ilisema maneno mawili tu, kwamba ameamka na analalamika. Sikuhitaji kurudia. Walishaona uso wangu.

Alirudi mwishoni mwa Novemba, senene wakiwa wameanza kuruka. Gari lilimshusha barabarani, akakataa kushikwa, akapanda kilima hadi nyumbani bila kuegemea mgomba hata mmoja. Wiki iliyofuata akaanza kukata kamba. Tulizunguka pamoja, Ihembe kisha Kanoni, nyumba hadi nyumba. Kila mahali alikata kwa kisu chake kidogo, akaukagua mti, akamkosoa mwenye mti kwa namna alivyoupogoa, akala alichopewa. Kwenye duka lile la Kanoni wanaume wale watatu walisimama alipopita. Yule mgeni aliyesema mgonjwa asihukumiwe, ambaye naye alikuja kufunga mbuni baadaye, aliomba akate kamba ya mti wake yeye mwenyewe kama adhabu. Mzee akamnyima.

Februari ilipofika, mwaka ulikuwa umetimia na miguu ilikuwa imeanza kuniwasha. Ta Leopodi aliiona kabla yangu. Alinipa koti lake la pili la kaki, akasema stoo anaitaka kwa msimu ujao. Niliondoka kabla umande haujakauka, nikapanda kila kilichosimama, na jioni nikajikuta upande wa Kaisho, huko Kyerwa, mahali nisipojua mtu, mvua ikinipiga. Nikabisha nyumba ya kwanza yenye taa. Mama mmoja wa makamo alifungua, akanitazama, akanitazama na koti, akasema kuna chumba cha magunia nyuma kama sichagui. Nikamwambia vyumba vya magunia nimevizoea. Alinipitisha uani, na kando ya mlango wa stoo nikauona mbuni mmoja, mnene, wenye kamba mpya ya mgomba shinani. Nikamwuliza kwa upole kama mwaka ulikuwa mgumu hadi wameuza kahawa ikiwa kijani.

"Kuuza?" alisema. "Huo ni wa mwalimu wetu, figo zinamsumbua. Kila nyumba hapa imemfungia mmoja." Akanifungulia mlango na kunikabidhi taa na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. "Ndiyo desturi yetu huku tangu mwaka jana. Wewe mgeni huwezi kujua."

Nikamwambia ni kweli, sikujua, na nikamwomba anieleze ilivyoanza. Akavuta kigoda, akaketi mlangoni, akaanza.